Jumapili Paulo Alipowasalimu Wazee wa Mwandoya

Zamani barua moja ikifika kijijini ilisomwa na mtu mmoja na kusikilizwa na watu thelathini. Siku hizi kila mtu ana barua mia mfukoni, ndani ya simu, na hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Mzee Athanasi ndiye aliyekuwa yule mtu mmoja. Kwa zaidi ya miaka arobaini, katika kijiji chao nje ya Bariadi, haikuchanwa bahasha bila yeye kuwapo. Alisoma barua za wachumba, za askari, za hospitali, za watoto waliotoroka kwenda Mwanza na kukumbuka kuandika siku njaa ilipowabana. Alijua mahali pa kushusha sauti, na alijua mstari wa kuruka ikiwa mama wa mwandishi amekaa karibu. Sasa bahasha hazipo. Juzi juzi kijana wa jirani alimletea simu amsomee ujumbe. Mzee akavaa miwani, akakohoa, akasoma kwa sauti ya msiba: "Ndugu mteja, bando lako limekwisha."

"Asante, babu," kijana akasema. "Nilikuwa najua. Nilitaka kuona kama bado unaona."

Mzee Athanasi hakuwahi kukaa katika darasa la serikali hata siku moja. Herufi alizipata kwa katekista, aliyezichora mchangani kwa fimbo, na mbuzi wakipita juu yake basi somo limekwisha. Mengine yote alijisomea: magazeti yaliyofungiwa sukari, Biblia, na kamusi isiyo na jalada iliyoanzia katikati ya herufi B, kiasi kwamba mpaka uzeeni maneno yanayoanza na A aliyaona ya kubahatisha, ukiacha jina lake mwenyewe. Leo vijana wenye shahada wanaandika "xaxa" wakikusudia sasa, na hao ndio wanaoitwa wasomi. Mzee Athanasi aliona ni heri mbuzi.

Msomi wa kweli, kwake, alikuwa mmoja tu: kaka yake, marehemu Salvatory Masunga. Salvatory alisoma misheni miaka minne, akabeba marobota ya pamba kwenye stesheni ya Malampaka miaka miwili, kisha akarudi nyumbani na koti, miwani, na gazeti kwapani. Baba yao akasema msomi mmoja anatosha, huyu mdogo achunge ng'ombe. Lakini kila Jumamosi alasiri Salvatory alimwita mdogo wake kibarazani, akampa kitabu cha masomo ya Jumapili, akaegemea ukuta na kufumba macho.

"Miwani yangu imechafuka. Soma wewe, nikusikie kama unakosea. Polepole. Rudia hapo. Rudia tena."

Hivyo ndivyo Athanasi alivyoiva. Na kesho yake Salvatory alisimama kigangoni, kanisa dogo la kijiji, mbele ya watu, akafungua kitabu, akasoma bila kukwama, kwa sauti iliyowafanya akina mama wajifute machozi kwa pindo za khanga hata pale Mtume Paulo alipokuwa anaagiza tu aletewe joho lake. Alisoma hivyo miaka thelathini, mpaka alipokufa.

Mara moja tu Athanasi alimkosea. Alikuwa na miaka kumi na miwili, ndama walikuwa wamemchosha, na barua ya Paulo siku hiyo ilikuwa na salamu nyingi kwa watu asiowajua. Nyumbani walikuwapo wageni watatu kutoka Mwandoya, waliokuja kwa habari ya posa. Kwa utundu tu akachomeka yake: "Nisalimieni pia wazee wa Mwandoya." Kesho yake, Salvatory aliposoma, salamu ile ilikuwamo. Wageni wale, waliokaa benchi la mbele, wakatazamana. Mmoja akasimama, akavua kofia. Hawakujua kwamba wanafahamika mbali kiasi hicho. Posa ikakubaliwa kabla ya chakula cha mchana.

Athanasi alingoja fimbo. Haikuja siku ile, haikuja kamwe. Akaamua kwamba kaka yake aliutambua utani, akaupenda, akausoma makusudi ili wacheke wawili kimya kimya. Kwa miaka karibu sitini alilitunza jambo hilo kama ushahidi kwamba marehemu alikuwa mtu wa huruma.

Sasa fikiria aibu: mjukuu wa mtu huyo yuko darasa la nne na hajui kusoma.

Aliitwa Milembe, alikuwa na miaka kumi na mmoja, binti wa Method, mtoto wa Salvatory. Darasa hilo alikuwa analirudia. Hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililouma zaidi. Ukimtuma ujumbe nyumba tano, aliufikisha wote, pamoja na kikohozi cha aliyemtuma. Alijua nyayo za kila ng'ombe wa majirani, hata walionunuliwa juzi. Lakini ukimfungulia kitabu, herufi zilimtawanyikia kama kuku waliomwagiwa maji.

"Mwaka huu ndio wa mwisho," Method alitangaza nyumbani. "Akifeli tena, anakwenda Lamadi kwa shangazi yake Nyamizi, akaanike dagaa. Dagaa hawana herufi."

Milembe alikuwa mlangoni. Tangu siku hiyo dagaa wakipikwa alikula ugali mtupu.

Mzee Athanasi akaichukua kazi mwenyewe. Kila alasiri baada ya shule alimkalisha kibarazani, kamusi upande mmoja, kitabu cha shule upande mwingine.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Mbuzi."

"Mbuzi yuko wapi? Hiyo ni mvua!"

"Guku, kuna picha ya mbuzi hapa pembeni." Ndivyo alivyomwita, kwa neno la babu la Kisukuma.

"Picha hazisomwi! Sisi vitabu vyetu havikuwa na picha, na tulisoma."

"Mlijuaje basi kama mmepatia?"

Mzee akamvalisha miwani yake. Milembe akainama juu ya ukurasa, akatazama kwa muda mrefu.

"Zimetulia?"

"Hapana, guku. Zinakimbia vilevile, ila sasa ni kubwa."

Kisha ikaja wiki ya furaha. Milembe alisema, "Nisomee wewe kwanza, halafu nitafuata." Mzee akasoma ukurasa mzima. Mtoto akausoma baada yake, neno kwa neno, kidole kikitembea. Siku ya pili hivyo hivyo, ya tatu hivyo hivyo. Mzee akatembea kijiji kizima akisema kwamba walimu wa leo kazi yao ni kuchezea simu, ameimaliza yeye kwa siku tatu. Siku ya nne upepo ukafunua kurasa mbili, na Milembe akaendelea na hadithi ya sungura huku kidole chake kikipita juu ya somo la kunawa mikono.

Method alipopata habari hakubishana. Alikuwa Mkatoliki, kwa hiyo alipita njia ya mashambani, ya mtu asiyetaka kuonekana, akaenda kwa mganga Ngeleja na kuku chini ya koti. Ngeleja akampasua kuku, akasoma matumbo yake.

"Jina," akasema. "Mtoto anabeba jina la bibi yake mkubwa, Milembe wa kwanza. Yule alijua jembe, kitabu hakukijua. Ampe mtoto kitu ambacho yeye hakuwa nacho? Tafuteni mhenga aliyesoma, mumpe huyo mtoto jina lake."

Kuku akapikwa, Ngeleja akamla, na Method akarudi na kazi ya kutafuta mhenga. Huku kwetu mtoto akisumbuliwa na jambo lisiloeleweka, jina ndilo linaloshukiwa kwanza. Mtoto amelia mwezi mzima, akaitwa jina la babu aliyesahauliwa, akanyamaza. Hilo hata wanaokwenda kanisani wanalijua. Tatizo lilikuwa idadi. Kikao cha ukoo kilikaa, wakahesabu marehemu wao mmoja mmoja, na wote walikuwa watu wa ng'ombe.

"Na babu yake babu?" mmoja akauliza. "Si inasemekana alipewa barua na Mjerumani?"

"Alipewa. Akasokotea tumbaku."

Akabaki Salvatory Masunga peke yake. Wengine wakasema Masunga ni jina la kiume. Ngeleja akajibu kwamba wahenga hawatazami sketi. Sherehe ikapangwa Jumamosi alasiri, na Method akaweka neno la mwisho.

"Tukishampa jina la mzee, na bado asisome, basi huo ni ukaidi. Sitangoja hata mtihani. Lamadi."

Mzee Athanasi hakuwa na imani na matumbo ya kuku, lakini aliona ni heshima kwa kaka yake, akanyamaza.

Alhamisi, siku mbili kabla ya sherehe, akaja Lucy, mwalimu wa darasa la nne, msichana mwembamba mwenye vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi. Alimkuta mzee akitafuna michembe, viazi vitamu vya kukaushwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekuja kuniambia mjukuu wangu ni mvivu. Najua."

"Nimekuja kukwambia si mvivu."

"Basi ni mjinga?"

"Wala. Kichwa chake ni kizima, ila kusoma kunampitia njia nyingine, ndefu. Wapo wengi. Darasani kwangu wako tisini na wawili, na wa namna yake nimehesabu tisa."

"Tisa!"

"Hao ni wale niliowakamata. Wengine wanajificha vizuri kuliko ninavyotafuta. Hata nchi za mbali wamehesabu. Kuna wanaopata mmoja katika kumi, kuna wanaopata zaidi, kuna wanaopata pungufu, kila mtu na kipimo chake. Mahali ambapo hawapo kabisa hapajaonekana."

"Hapa palikuwapo," mzee akasema kwa ukali. "Zamani watoto wa hivyo hawakuwapo darasani."

"Zamani mtoto aliyeshindwa kusoma mlimpeleka wapi, babu?"

"Machungani."

"Basi ndiyo maana darasani hawakuwapo."

Mzee akafungua mdomo, akaujaza michembe ili usibaki wazi bure. Baadaye akauliza, "Wanajifichaje? Mtu atafichaje kutojua kusoma?"

Lucy akacheka. "We! Wana akili hao. Atakwambia macho yanauma. Atamwomba mwenzake asome kwanza, eti anamsikiliza kama anakosea. Anafumba macho, anayameza yote, na kesho yake anasimama na kitabu wazi mbele yake, anatiririka kama redio. Mimi huwakamata kwa kosa tu. Mwenzake akikosea, naye analimeza kosa lile lile. Atajuaje kwamba ni kosa?"

Mzee Athanasi aliacha kutafuna.

"Wazee wa Mwandoya," akasema.

"Nani, babu?"

"Hakuna. Endelea, mwalimu."

Lucy akaendelea. Januari alikuwa anahamia shule moja ya mjini Bariadi, yenye mwalimu aliyesomea kufundisha watoto wa namna hii, kwa sauti, kwa mikono, kwa taratibu na bila kupigiwa kelele. Milembe hataponywa, kwa sababu haumwi. Atasoma, ila kwa mwendo wake. Yeye Lucy yuko tayari kukaa naye nyumbani kwake. Amemwomba Method ruhusa, na Method amejibu kwamba jina kwanza.

Mwalimu alipoondoka, mzee alibaki na jambo ambalo hakuna kamusi iliyolieleza. Miwani iliyochafuka kila Jumamosi. Rudia hapo, rudia tena. Kama kaka yake hakujua kusoma, basi yeye Athanasi alifundishwa na nani miaka yote ile? Na akisema, atakuwa amemvua marehemu koti lake mbele ya ukoo mzima. Asiposema, Jumamosi wanampa mtoto jina la kusomea kutoka kwa mtu asiyejua kusoma, na Jumapili mtoto anapanda gari la Lamadi. Ijumaa hakula. Mkewe alidhani ni meno.

Jumamosi uwanja wa Method ulijaa. Ngeleja alikaa karibu na chungu cha pombe ya mtama, akikilinda zaidi ya ilivyohitajika. Mjane wa Salvatory, Bibi Klementina, alikaa kwenye kigoda akipepeta mchele kana kwamba sherehe ni ya watu wengine. Mwalimu Lucy alisimama pembeni. Alikuwa amealikwa aje aone dawa. Milembe alikalishwa katikati, amepakwa mafuta, macho chini. Method akachota pombe kwenye kibuyu ili amnyunyizie na kulitamka jina.

"Simama hapo," mzee Athanasi akasema.

"Kuna nini, baba mdogo?"

"Jina hilo halitamsaidia kusoma. Kaka Salvatory hakujua kusoma."

Uwanja ukalipuka. Mmoja akasema uzee ni ugonjwa, mwingine akasema ni wivu.

"Baba mdogo, pombe imekuingia?" Method akauliza, kibuyu kikimwagika.

"Sijaionja. Chungu si kiko kwa Ngeleja tangu asubuhi?"

Akawasimulia. Jumamosi, kibaraza, macho yaliyofumbwa, na salamu za Paulo kwa wazee wa Mwandoya. Waliotaka kucheka walijizuia, kisha wakashindwa. Halafu wote wakageuka kumtazama Klementina. Mikono yake ilikuwa bado inapepeta.

"Shemeji," mzee akasema kwa sauti ndogo, "nisamehe."

"Nikusamehe nini? Wewe uliyesoma vitabu vyote ndiye wa mwisho kujua."

"Ulijua?"

"Nimelala naye miaka thelathini na minne, nisijue? Unadhani kitabu kilikuwa kinajigeuza chenyewe kisishikwe kichwa chini? Ile alama ya mkaa kwenye jalada niliiweka mimi."

"Na Jumapili ile?"

Klementina akaweka ungo chini, kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Katekista alimwambia jioni kwamba salamu ile haimo kitabuni. Hakugusa chakula. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka kitanda kikavunjika mguu. Nikamwambia, mchape mtoto huyu. Akasema, nikimchapa atajua. Na akijua, nani atanisomea?" Akamtazama shemeji yake. "Alikuwa anasema wewe ndiye macho yake. Mimi nikadhani siku moja utagundua mwenyewe, maana una akili. Nimengoja sana."

Hapo Ngeleja akainuka ghafla. "Kuku hakosei! Nilisema mtoto anatafuta jina lake. Si amelipata? Kichwa ni kile kile!"

"Ulisema mhenga aliyesoma," mtu akamkumbusha.

"Nilisema mhenga aliyesimama na kitabu. Tatizo lenu hamsikilizi."

Watu walicheka, isipokuwa Method. Alikuwa anamtazama binti yake, na kibuyu kimeinama mpaka kimekauka. Alimwendea mwalimu Lucy. Alisema taratibu, lakini uwanja ule ulikuwa umeshazoea kusikiliza.

"Mwalimu. Hao tisa wako ulioniambia. Watu wazima nao mnawahesabu?"

"Tunawahesabu, baba Milembe."

"Basi ongeza mmoja. Niliacha shule darasa la tano. Nilisema ni kwa sababu ya ng'ombe." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilidhani ni mimi peke yangu, na baba yangu mwenyewe anasoma kigangoni kama malaika. Nilikuwa namwonea aibu mzee yule!"

Method akachota upya, akamnyunyizia mtoto, akamwita Masunga mara tatu. Kisha akasema, kama mtu anayesukuma mzigo mlangoni, "Mtu mwenye kichwa cha mzee haendi kuanika dagaa. Mwalimu, Januari mchukue."

Milembe akainua macho. Jambo la kwanza alilouliza ni kama sasa anaruhusiwa kula dagaa.

Mwaka wa pili huu tangu Milembe na mwalimu waondoke. Habari zinafika kwa simu: Milembe anamtumia bibi yake sauti, si maandishi, na Klementina huzisikiliza akiwa amefumba macho, hataki mtu aongee. Mzee Athanasi hana simu na hataki, lakini siku za Jumamosi alasiri hujikuta amepita kule kwa shemeji yake bila sababu. "Mwadeela," atasalimu, kisha atakaa.

Anachokikumbuka zaidi ni asubuhi ile ya Januari walipokuwa wanaondoka. Bodaboda ilikuwa imefungwa godoro, ndoo na begi, mpaka dereva wake, Josia, alibaki na nafasi ya kiganja. Mwalimu Lucy alikuwa ameshapanda. Milembe hakupanda. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya pikipiki, mbele ya kile kipande cha mpira cha kuzuia matope, chenye maandishi meupe.

"Dogo, panda, jua linapanda," Josia akasema.

"Ngoja." Kidole kikaenda kwenye herufi ya kwanza. "Ha..."

Mzee Athanasi alikuwa ameyaona maandishi yale tangu pikipiki ilipokata kona. HARAKA YA NINI. Miaka arobaini kazi yake ilikuwa kuwasomea watu. Aliuma midomo.

"Ra..." Milembe akapumzika, akajifuta jasho la pua. "Guku, usiniambie."

"Sijasema kitu."

"Unapumua kama mtu anayetaka kusema."

Mzee akabana pumzi. Josia akazima injini kwa hasira. Ilichukua muda wa mtu kukamua ng'ombe mmoja, lakini likatoka: haraka. Likafuata la pili, fupi: ya. Milembe akalitazama la tatu, akaliinamia, akainua kichwa kulitazama kwa upande kama kuku anavyotazama punje.

"Hili nitalimalizia mjini," akasema, akapanda katikati ya mwalimu na dereva.

Wakaondoka. Kipande cha mpira kilipepea nyuma yao, na lile neno moja ambalo halijasomwa likaenda nalo, likizidi kuwa dogo, mpaka vumbi likalifunika. Mzee Athanasi akaegemea ukuta wa nyumba, akafumba macho, akausikiliza mlio wa pikipiki ulivyokuwa ukififia upande wa Bariadi.